Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kitabu cha Kumbukumbu ya Mwenzetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha waliosoma pamoja, ninawajibika kila mwaka kuwaeleza yale ambayo kamati imeyafanya kwa niaba yenu. Mambo ya kawaida hayatanichukua muda: vikao vilifanyika kwa akidi, daftari la wanachama limehuishwa, na hesabu za fedha mtazikuta katika taarifa ya mhazini, baada ya wakaguzi kuzipitia na kuziridhia. Sehemu kubwa ya nguvu zetu ilikwenda katika azimio moja mlilolipitisha kwenye mkutano mkuu uliopita, la kukusanya na kuchapa kitabu cha kumbukumbu ya mwenzetu aliyefariki kabla hajatimiza miaka 30, na hilo ndilo nitakalolieleza kwa kirefu. Jina lake litakuwa juu ya jalada. Humu nitamwita mwenzetu, kama tulivyozoea kumtaja tangu alipotutoka.

Swali la kwanza lililoikabili kamati lilitoka nje ya chama. Jamaa mmoja wa marehemu alituuliza, kwa upole kabisa, kwa nini kazi hii isiachiwe ukoo wake. Lilikuwa swali la haki, kwa sababu katika msiba kila mtu hupewa nafasi kulingana na damu au ndoa, na rafiki wa shule hukaa popote palipobaki. Hata ruhusa ya msiba makazini kwa kawaida huhesabu wazazi, watoto, wenzi wa ndoa na ndugu, si mtu mliyeketi naye dawati moja miaka minne. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliyechapisha mwaka 1989 kazi yake kuhusu majonzi yasiyotambuliwa na jamii, aliwaweka marafiki miongoni mwa watu ambao huomboleza bila mtu kuwauliza hali. Hata hivyo hatukumjibu jamaa yule kwa kudai haki yetu ya kulia. Tulimweleza kwamba familia inamjua mwenzetu tangu kuzaliwa, lakini saa alizokuwa darasani na uwanjani hawakuwapo, na kwamba tusipozisimulia sisi tuliokuwapo, hakuna mwingine wa kuzisimulia. Aliridhika, na baadaye ndiye aliyetuletea madaftari ya marehemu ambayo hatukujua kwamba yalihifadhiwa.

Kukusanya simulizi kumekuwa rahisi kuliko tulivyotarajia, na kuzipatanisha kumekuwa kugumu kuliko tulivyoogopa. Mfano ni usiku ule umeme ulipokatika wakati wa masomo ya jioni, mwenzetu akaendelea kusoma kwa sauti kitabu cha historia ambacho hakuna aliyeweza kukiona, na darasa zima likamsikiliza hadi mwalimu wa zamu alipoingia na tochi na kukuta kitabu chenyewe kimefungwa. Wapo wanaoshikilia kwamba alikuwa ameikariri sura nzima. Wapo wanaoamini, na mimi ni mmoja wao, kwamba alikuwa akiitunga papo hapo, wafalme na vita vyote. Waandishi wengine wanasema mwalimu alicheka, wengine kwamba aliwaadhibu wote, na idadi ya wanachama walioandika kwamba waliketi naye usiku huo ni kubwa kuliko dawati lenyewe lilivyoweza kubeba.

Hakuna aliyesema uongo. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba watu wakiombwa kusimulia upya hadithi waliyoisoma, huifupisha, huyaacha yaliyo mageni kwao na kuyaingiza yanayofanana na maisha yao, huku kila mmoja akiwa na hakika kwamba anarudia alichokisoma. Ikiwa hali ni hiyo kwa hadithi ya karatasini, sembuse kwa rafiki ambaye kila mmoja wetu angependa kuwa ndiye aliyekuwa karibu naye zaidi. Kwa hiyo kamati haikumteua mtu wa kuamua ni simulizi ipi iliyo sahihi. Zote zitachapwa, kila moja na jina la msimulizi wake, na msomaji ataona zinapokubaliana na zinapopingana. Baadhi ya wajumbe waliona kwamba kitabu kitaonekana kama hakijahaririwa. Mimi naona kwamba kitabu kilicholainishwa kingetuonyesha mhariri tu.

Lipo tatizo kubwa zaidi, ambalo tuliligundua kazi ikiwa katikati. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu wa makamo na wazee, wakiulizwa habari za maisha yao, hurudi mara nyingi zaidi kwenye miaka ya umri wa kati ya 10 na 30. Miaka yetu pamoja na mwenzetu imeangukia humo humo, na ndiyo maana tunamkumbuka kwa nguvu hivi. Lakini yeye hakuishia kuwa mvulana wa darasani. Aliondoka shuleni kama sisi, akafanya kazi, akafanya urafiki na watu tusiowajua, akabadilika, na miaka hiyo ilikuwa ikipotea katika kitabu chetu kana kwamba alifariki siku ya mahafali. Tuliwaomba waliofanya kazi naye waandike, nao walituletea habari za mtu mkimya, anayefika mapema kuliko wote, mwenye kukagua hesabu za wenzake kimyakimya ili wasipate lawama. Mjumbe mmoja wa kamati aliposoma aliuliza kama barua hizo hazikuletwa kwetu kwa makosa. Hazikuletwa kwa makosa. Nimesisitiza sehemu hiyo ichapwe kwa ukamilifu na kwa maneno ya waandishi wake, bila ya sisi kuongeza kwamba shuleni alikuwa mcheshi, kwa kuwa hayo yatakuwa yamekwisha kusemwa kurasa nyingi kabla.

Mjadala mkali zaidi wa mwaka ulihusu yale ambayo baadhi yetu waliona hayafai kuandikwa. Tumelelewa kuamini kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mimi mwenyewe naiheshimu desturi hiyo kaburini na matangani. Kitabu, hata hivyo, kinakusudiwa kumtambulisha kwa watoto wa dada yake ambao hawakumwona, na mwenzetu hakuwa malaika. Aliazima vitabu asivirudishe. Aliwaigiza walimu kwa ustadi uliowaumiza wale wasiokuwa na ucheshi. Alikuwa na ugomvi na mwanachama mmoja aliyepo hai kati yetu, ugomvi ambao haukupatanishwa, na mwanachama huyo ameuandika kwa unyoofu katika kurasa ninazoziona kuwa bora kuliko zote tulizopokea, ikiwemo yangu. Wajumbe walipogawanyika sawasawa, tulikwenda kwa mama wa marehemu na kumsomea kurasa zote zilizobishaniwa, tukiwa tayari kuziondoa kwa neno lake moja. Mama alisikiliza, akacheka mahali ambapo hatukutegemea acheke, kisha akasema kwamba mwanawe alikuwa mtundu, na tukimwandikia malaika hatamjua ni nani. Kurasa hizo zimebaki.

Ombi lake Mama lilikuwa moja tu: kwamba ugonjwa uliomchukua mwanawe usifichwe nyuma ya maneno ya kawaida ya kuugua ghafla. Wengi wetu tunakumbuka kwamba alikuwa haraka kupungukiwa pumzi uwanjani, na wapo waliodhani kwamba anakwepa mazoezi. Alikuwa na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Mwanachama wetu aliye daktari ameuandikia ukurasa mmoja, ambao naufupisha hapa. Ugonjwa huu huanza na maambukizi ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoki; yasipotibiwa, kinga ya mwili ya baadhi ya watoto, hasa wenye umri wa kati ya miaka 5 na 15, hugeuka na kushambulia viungo na moyo wao wenyewe, na valvu za moyo zikishaharibika hazirudi kuwa zilivyokuwa. Dawa ya kuzuia shambulio lingine ni ya siku nyingi, penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, nayo mgonjwa huchomwa sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziupe ugonjwa huu uzito, kwa kuwa unazuilika na bado unaua vijana. Zile safari zake za kila mwezi za kwenda zahanati, ambazo sisi tulizionea wivu kwa sababu zilimpa ruhusa ya kutoka shuleni, zilikuwa ni kwa ajili ya sindano hiyo. Alipoanza kazi, safari zikakatika. Mama anataka msomaji mwenye mtoto anayelalamika koo mara kwa mara alijue jambo hilo, nasi hatukuona sababu ya kumnyima ukurasa.

Sikutarajia kwamba kazi ya kuandika ingeamsha huzuni ambayo baadhi yetu tulidhani imekwisha, lakini ndivyo ilivyokuwa, na ni wajibu wangu kuitaja. Mwanachama mmoja alirudisha karatasi tupu. Mwingine aliniandikia akiwa na wasiwasi kwamba hajazipita hatua tano za majonzi anazozisikia zikitajwa, na kwamba huenda ana kasoro. Nilimjibu kwamba hatua hizo, alizozieleza Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, si na waliofiwa, na kwamba hakuna anayelazimika kuzipita kama madarasa. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wengi wamekubali kwamba mtu anaweza kuendelea kuwa na uhusiano na aliyemtangulia, akamtaja, akamshauri moyoni, na bado akaishi maisha yake vizuri. Aliyelemewa kiasi cha kushindwa kazi na usingizi kwa miezi mingi ni jambo jingine. Hali hiyo sasa imo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na mwenye kuipata aende kwa mtaalamu bila aibu. Kamati imemwomba katibu aendelee kuwapigia simu wote walioandika na walioshindwa kuandika.

Kuhusu picha, tulizonazo ni chache na nyingi zimefifia. Kuhusu ukurasa wake wa Facebook, mnajua kwamba tangu mwaka 2009 kampuni hiyo inaruhusu ukurasa wa marehemu ugeuzwe kuwa wa kumbukumbu. Baadhi yenu mmependekeza chama kiombe jambo hilo. Kamati imekataa. Uamuzi huo ni wa familia, na familia bado haijawa tayari.

Yamebaki mambo matatu ambayo yanahitaji kura yenu. La kwanza ni pendekezo la kuanzisha tuzo yenye jina lake, itakayotolewa kila mwaka kwa mwanafunzi bora. Nalipinga, na ni haki yenu kujua sababu zangu kabla ya kupiga kura. Mwenzetu hakuwahi kuwa mwanafunzi bora wala hakujali kuwa, na tuzo hiyo itamfanya awe jina linalosomwa kwenye kipaza sauti mbele ya watoto wanaosubiri kwenda nyumbani. Alichokifanya, na simulizi nyingi zinakubaliana juu ya hilo hata zinapopingana juu ya mengine, ni kubaki darasani baada ya kengele na wale walioachwa nyuma katika hesabu, na kuwaeleza swali moja kwa njia nne au tano mpaka moja ieleweke. Napendekeza badala ya tuzo wanachama wanaoweza wajitolee kufanya vivyo hivyo na wanafunzi wa sasa, kwa zamu, baada ya kupatana na uongozi wa shule. Itatugharimu muda, ambao ni mgumu kutoa kuliko mchango, na sitashangaa nikishindwa kwenye kura.

La pili ni jalada. Picha zinazogombaniwa ni ile rasmi ya kuhitimu, ambayo amesimama wima na hafanani na yeye, na ile aliyopigwa akiwa amegeuza uso kumsemesha mtu aliyekatwa nje ya picha. Kamati haikuafikiana. Zote mbili zitabandikwa ukumbini ili mzione kabla ya kura.

La tatu ni tarehe ya kufunga kupokea simulizi. Katibu anaomba ziwe zimefika mwishoni mwa mwezi unaofuata mkutano huu, zikiwa zimeandikwa kwa mkono au kwa chapa, ndefu au fupi. Aliyetuma sentensi moja naye atachapwa. Nakala ya kwanza itakwenda kwa Mama, na hakuna mwanachama atakayeipata yake kabla Mama hajaisoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti