Makasha ya negativu yananuka siki, nanyi mnasema yatupwe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari. Makala ya Jumapili kuhusu yule mzee aliyezunguka Afrika na kamera tangu enzi za uhuru imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu ameandika kwa furaha kabisa kwamba picha zote zimeshaskaniwa, kwa hiyo makasha ya negativu, zile filamu asili zilizotoka kwenye kamera, yanaweza kutupwa, "maana yananuka."

Yananuka siki, Mhariri. Filamu nyingi za miaka hiyo mgongo wake ni plastiki ya asetati. Ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi ya asetiki, ileile ya siki tunayotia kwenye kachumbari, na asidi hiyo hurudi kuila filamu yenyewe kwa kasi zaidi. Mvuke wake huingia kwenye filamu za jirani nazo zikaanza. Mwisho mgongo husinyaa, tabaka la picha halisinyai nao, basi hujikunyata na kubanduka. Kwa hiyo harufu ni kengele. Unachotakiwa kufanya ni kutenga zinazonuka siku hiyohiyo, kuzitoa kwenye makopo ya chuma na mifuko ya PVC, kisha kuweka ndani ya kila kasha vile vikaratasi vya bluu vya kupimia asidi, kwa saa 24. Kikibaki bluu, una muda. Kikiwa kijani, anza kupanga. Kikiwa njano, hizo ndizo za kuskani kwanza, kabla ya harusi za watoto wa bosi.

Halafu hiyo skani mnayojivunia! Picha ya ukurasa wa kati imegeuzwa, jina la basi linasomeka kinyumenyume, na hakuna aliyeona kuanzia kwa mpiga skani mpaka kwenu. Upande wenye dawa, yaani tabaka la picha, hauna mng'ao. Ukiushika mgongo unaong'aa ukutazame, namba za pembeni zinasomeka sawa na picha iko sawa. Jambo la sekunde mbili. Na zile nyuso zilizofutikafutika kama udongo uliopigwa ufagio si uzee wa filamu: mtu ameacha programu ya kuondoa vumbi ikifanya kazi. Programu ile hutumia miale ya infraredi, ambayo hupita kwenye filamu za rangi za kawaida na kuzuiwa na vumbi. Lakini filamu ya nyeusi na nyeupe picha yake ni chembe za madini ya fedha, nazo huizuia miale hiyo, kwa hiyo mashine inaona uso wa mtu ni vumbi na kuusafisha. Sasa mnataka kutupa negativu mbaki na hizo? Fremu moja ya milimita 24 kwa 36, ukiiskani kwa nukta 4,000 kwa inchi, inatoa karibu pikseli milioni 21. Mliyochapa ninyi haifikii hata milioni mbili, naona kwa macho.

Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa Nigeria mwaka 1968 akipiga picha vita vya Biafra, kazi zake zilikaa miongo mingi kwenye gereji Nairobi. Angepita mwandishi wenu na pua yake, tusingekuwa nazo.

Mwaka juzi niliingia ofisi moja, siitaji, inayohifadhi picha. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikaambiwa ni sabuni ya kudekia.

Nikiwa bado na hasira: maelezo ya picha. Kila mwenye shuka nyekundu kwenu ni Mmasai. Wasamburu hawapo? Wadatoga wameenda wapi? Nyuma ya picha ya mzee huyo huenda kila kitu kimeandikwa, mahali, tarehe, namba ya filamu, jina la aliyepigwa, lakini anayeskani hageuzi. Na wanaogeuza huongeza ya kwao kwa kalamu ya wino, ikabonyea mpaka upande wa uso. Penseli laini, 2B, shilingi mia chache!

Pendekezo langu ni dogo. Pale mapokezi kwenu kuna friji ya soda yenye mlango wa kioo. Ondoeni soda rafu mbili za chini. Makasha yazungushiwe mifuko miwili ya plastiki inayofungwa, isiyo ya PVC, na silika jeli iliyokaushwa (vile vipunje vya kunyonya unyevu) katikati ya mfuko na mfuko, yakae humo kwenye nyuzi 4 mpaka apatikane wa kuyachukua. Na mtu akiyatoa asiyafungue mpaka kesho yake yapoteze baridi, la sivyo yatatoa jasho kama chupa ya soda. Silika jeli ninayo, kilo mbili. Mlinzi wenu aambiwe tu anipokee.

Fundi picha mstaafu,
Tanga