Kerala nenda kwa treni: barua kwa mwanangu aliyeko Pune

Tanga, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Rehema,

Salamu zako zimefika, na ile habari yako kwamba India niliyokusimulia haipo nimeisoma kwa sauti ili baba yako asikie. Unasema ndani ya metro ya Pune hakuna anayemsemesha mwenzake, kila mtu ana vifaa vyake masikioni. Riksho unaiita kwa simu, nauli unalipa kwa simu, maziwa yanaletwa mlangoni kwa dakika kumi na kijana usiyemjua jina. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unauliza kama nitakutumia hela ya ndege uende Kerala, kusini kabisa mwa India, kwa kina mwenzako wa chumbani wakati wa Krismasi.

Hela ya ndege situmi. Ya treni natuma, tena ya daraja la tatu lenye kiyoyozi, na ya kula njiani juu yake. Ubahili upo, sikatai, lakini nina sababu nyingine.

Nilipokuwa Pune miaka ya tisini, huwezi kwenda popote bila kusema na watu. Tiketi ya treni ilikuwa fomu ya karatasi unayoijaza kwa mkono, ukapange foleni dirishani, na ndani ya foleni hiyo lazima umuulize mtu namba ya treni, maana ukiikosea karani anakurudishia fomu bila hata kukutazama. Siku ya safari, orodha ya abiria ilibandikwa ubavuni mwa behewa: jina, umri, jinsia. Unasimama pale na watu wengine mnatafuta majina yenu kwa kidole. Mimi langu niliwahi kulikuta limeandikwa kama jina la mwanamume wa Kigujarati, na mzee mmoja akanicheka hadi kituo cha Lonavala. Hizo karatasi waliacha kuzibandika mwaka 2018. Sasa kila mtu anajua kiti chake peke yake, kwenye simu yake.

Na kupiga simu nyumbani! Kulikuwa na vibanda vya manjano vilivyoandikwa STD, ISD, PCO, yaani simu za mikoani, za nje ya nchi, kibanda cha umma, vyenye mita nyekundu inayohesabu rupia mbele ya macho yako huku bibi yako upande wa pili anauliza kama nimekula. Mwenye kibanda alizijua habari za familia yetu kuliko majirani wa hapa Ngamiani.

Usidhani nakuambia zamani ilikuwa bora. Foleni ile ilikuwa mateso, na dereva wa riksho alipokuona mgeni mita yake iliharibika papo hapo. Hilo la kulipa kwa simu nalipenda kabisa. UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu, ilianza Aprili 2016, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo, usiku wa tarehe 8, serikali ikafuta noti za rupia 500 na 1,000. Nchi nzima ikapanga foleni benki, na watu wengi wakajifunza kulipa kwa simu kwa kukosa njia nyingine. Sisi hatukushangaa sana, M-Pesa Kenya ilikuwa imeanza 2007 na kwetu mwaka uliofuata. Lakini mhasibu ndani yangu anaona tofauti: wewe ukimlipa muuza madafu rupia 40, zinatoka benki yako zinaingia benki yake na hakuna aliyekatwa hata senti. Mimi nikimtumia shangazi yako elfu kumi nakatwa, na yeye akienda kutoa anakatwa. Hapo wametuzidi, tuseme ukweli.

Tatizo langu ni jingine. Simu yako imekupa uwezo wa kukaa Pune mwaka mzima bila kumuuliza mtu njia. Na mgeni asiyeuliza njia hazungumzi na mtu yeyote, isipokuwa wanafunzi wenzake. Ndiyo maana unaniandikia kuhusu watu wa Pune kama mtu anayewatazama kupitia kioo cha basi: wasichana waliofunga uso wote kwa mtandio wakiwa kwenye pikipiki, wazee wanaotembea asubuhi wamevaa sweta wakati wewe unatoka jasho. Umeona vizuri, macho unayo. Lakini katika barua zako zote hakuna mtu hata mmoja wa Pune aliyefungua mdomo akasema neno.

Najua sababu yako moja, ambayo hukuiandika. Unachoka kukodolewa macho. Mimi pia nilichoka. Nakumbuka pia mwaka 2016, kule Bengaluru, kundi la watu lilipomshambulia binti wa Kitanzania, mwanafunzi, kwa ajali iliyosababishwa na mwanafunzi mwingine Mwafrika asiyehusiana naye kabisa. Wakati huo nilikuwa nimesharudi miaka mingi, na wewe ulikuwa shule ya msingi, lakini tangu siku hiyo nikaanza kutafuta vyuo vya hapa nyumbani ili nije kukuonyesha. Hata tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lilipofunguliwa Zanzibar 2023 nilikuwa na fomu mkononi. Wewe ukataka Pune. Basi.

Sikuambii kwamba safari ya treni inaondoa ubaguzi. Haiondoi. Nakuambia tu kwamba mahali pekee nilipokaa na Wahindi muda wa kutosha hadi wakachoka kunishangaa palikuwa ndani ya behewa. Saa ya kwanza watakuangalia. Saa ya pili mtoto atauliza kama nywele zako ni za kweli, mama yake atamkanya, huku naye akisubiri jibu. Saa ya tatu watakuuliza baba yako anafanya kazi gani, mshahara kiasi gani, umeolewa, kwa nini hujaolewa. Usikasirike, wanaulizana hivyohivyo wao kwa wao. Ikifika jioni wamefungua vyombo vyao vya chakula, na ukikataa kula watahuzunika kweli. Baada ya hapo wewe si kioja tena, ni yule dada wa kitanda cha juu ambaye hapendi pilipili.

Chukua kitanda cha juu, kwa njia. Cha chini watakikalia wote mchana kutwa, na cha kati hukunjwa mchana kiwe mgongo wa kiti, huwezi kulala mpaka wote wakubali kwamba usiku umeingia. Ukipewa RAC, maana yake mnagawana kitanda kimoja cha pembeni watu wawili mmekaa, mpaka nafasi ipatikane. Mimi niligawana na mtawa wa Kikatoliki kutoka Kottayam. Alinifundisha kuhesabu kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala, hadi kumi na usingizi wetu wote ukaisha hivyo.

Enzi hizo kutoka Pune kwenda Kerala tulizunguka kwa bara, safari isiyoisha. Wewe utapita njia ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998: kilomita 741 kati ya milima na bahari, mashimo ya chini ya milima 91, madaraja karibu 2,000. Aliyesimamia ujenzi wake, mhandisi E. Sreedharan, ndiye aliyekuja kuijenga metro ya Delhi, kwa hiyo hata hiyo India mpya unayoisema imetoka mkononi mwa mtu wa treni. Ukitoka Pune treni itateremka kwanza mlima wa Bhor Ghat. Kaa dirishani. Reli ya pale ilifunguliwa 1863, na vibarua walikufa kwa maelfu wakipasua ule mlima. Miaka 33 baadaye Waingereza walikwenda kuchukua vibarua wengine, zaidi ya 30,000, wengi wao Wapunjabi, kuja kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Mwalimu wangu wa historia hakuwahi kuniambia kwamba kazi hiyo walikuwa wameshaifanya kwao.

Baada ya kituo cha Panvel sahau simu. Mashimo yatakata mtandao kila mara. Sikiliza wauza chai wanaopita: wataanza kwa Kimarathi, ukifika Goa ni Kikonkani, kisha Karnataka, na ukiingia Kerala utasikia Kimalayalam, ndizi za kukaanga zinapita, na nje minazi kama ya Pangani. Utajua umevuka jimbo kabla ramani haijakuonyesha.

Sasa mambo ya kufanya, na hapa uwe makini. Tiketi siku hizi zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari, zamani zilikuwa 120. Za tarehe 20 Desemba zitafunguliwa tarehe 21 Oktoba saa mbili kamili asubuhi, na za kwenda Kerala wakati wa Krismasi zitakwisha kabla hujamaliza kunywa chai. Tena kuanzia Oktoba 2025 muda wa mwanzo ni wa wenye akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar tu, ile namba yao ya kitambulisho, na wewe huna. Kwa hiyo mwombe mwenzako akate yake na yako pamoja, majina mawili tiketi moja, umlipe. Msitegemee Tatkal, zile zinazouzwa siku moja kabla. Hizo ni vita, na zenyewe zinataka Aadhaar.

Pasipoti na karatasi ya usajili wa FRRO, ile ofisi ya kusajili wageni, viwe kifuani, si kwenye begi. Begi lifungwe kwa mnyororo chini ya kiti, minyororo inauzwa stesheni. Usiku usisimame mlangoni. Kama treni inafika Ernakulam, kituo chenu cha Kerala, usiku wa manane, msichukue riksho ya barabarani. Hapo ndipo simu ina haki yake: iteni gari kwa programu, mnipe namba ya gari. Nimesema uongee na watu, sikusema na kila mtu saa nane za usiku.

Mkipitia Mumbai wakati wa kurudi, mwambie mwenzako akupandishe treni za mjini, behewa la wanawake, lakini si saa mbili asubuhi wala saa kumi na mbili jioni. Wanawake pale hukaa wanne kwenye kiti cha watatu, yule wa nne anaegesha nyonga moja tu, na hakuna anayenung'unika. Kabla hujakaa utaulizwa unashuka wapi, kwa sababu nafasi yako imeshawekewa mrithi. Niliwahi kuona mama anachambua mboga za jioni kwenye mfuko, mwingine anasuka binti wa mtu asiyemjua, na mchuuzi wa vibanio akipita katikati kana kwamba pana njia. Treni ikisimama ni kwa nusu dakika tu, basi sogea mlangoni kituo kimoja kabla. Ukisubiri isimame, utashuka kituo kinachofuata. Na kwa safari fupi za mkoani usiidharau basi ya ST, shirika la mabasi la jimbo. Tangu Machi 2023 jimbo lenu la Maharashtra linawatoza wanawake nusu nauli, ulizia kama na wewe umo.

Huyo kijana wa maziwa ya dakika kumi, siku moja mwulize ametoka wilaya gani. Wengi wa Pune wametoka vijijini Marathwada, kwenye ukame. Yeye pia ni mgeni mjini hapo.

Hela nitatuma tarehe 15, baada ya mshahara. Baba yako anasema ununue vitafunwa vya Karjat ukiwa unarudi juu, pale wanapounganisha injini za kusukuma treni kwa nyuma kupanda mlima. Wanakaa kwa muda, utawahi kushuka, ila usiende mbali na behewa lako. Amesema pia umletee picha ya hizo injini, na mimi sijui atafanya nazo nini.

Bibi anakusalimu sana. Ameuliza kama huko Kerala utapata chakula cha mtu kula. Nikamwambia wanakula mihogo ya kuchemsha na mchuzi wa samaki, wenyewe wanaiita kappa. Amekataa kabisa, anasema namdanganya ili asiwe na wasiwasi. Ukifika, mpigie yeye mwenyewe, wakati sahani iko mbele yako.

Mama yako