Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Watumishi wa Maabara, Pemba

Mlezi wa chama, wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, assalaamu alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kamati ilikutana kila robo mwaka, wenzetu waliofiwa tuliwapelekea rambirambi, waliolazwa tuliwatembelea, na Siku ya Malaria Duniani, tarehe 25 Aprili, tulishiriki kama kawaida. Tulianza mwaka na shilingi 1,150,000, ada zikaingia 648,000, tukatumia 1,485,000, zimebaki 313,000. Stakabadhi zote anazo mshika fedha.

Sasa niingie kwenye jambo lililozua maneno, yaani fedha za mandari. Kamati, kwa pendekezo langu, iliamua kwamba shilingi 820,000 zilizotengwa kwa mandari ya Vumawimbi ziende kwenye darasa la Jumamosi hapa Chake Chake, tusome umetaboli wa kimelea cha malaria, yaani jinsi kinavyokula na kupata nguvu, na sehemu zake ambazo dawa mpya zinaweza kuzishambulia. Wapo waliosema mwenyekiti amewanyima watu mapumziko yao. Wapo waliovuka hapo, wakadai nimejitengenezea darasa kwa ajili ya masomo yangu. Uamuzi ulipitishwa na kikao chenye akidi na muhtasari wake upo. Posho sikuchukua hata senti moja, na vitini vyote niliviandika mimi mwenyewe baada ya zamu.

Nawauliza wanaosema kazi yetu ni kuhesabu vimelea tu: ile chembe ya kahawia mnayoiona chini ya lenzi ya mafuta, ndani ya kimelea kilichokwisha kukua, ni kitu gani? Ni mabaki ya chakula. Kimelea hula himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, kikabakiwa na himu, sehemu yake yenye chuma, ambayo ni sumu kwake, na hujiokoa kwa kuigeuza fuwele. Klorokwini ilikuwa ikizuia kazi hiyo. Vimelea vilipopata njia ya kuitoa dawa nje ya kifuko chao cha mmeng'enyo, ikashindwa, na mwaka 2003 Zanzibar ikaiacha na kuingia kwenye dawa mseto ya artesuneti na amodiakwini.

Artesuneti nayo huamshwa na himu hiyohiyo. Vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya kelch13 hula himoglobini kidogo vikiwa bado vichanga, katika hatua ya pete, basi dawa haiamki vya kutosha. Vimelea vya namna hiyo vimeshaonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Sisi na Bara tunaunganishwa na boti na ndege kila siku. Siku ya tatu ya dozi, slaidi ikiwa bado ina vimelea, nani wa mwanzo kuviona kama si mtu wa maabara? Kwa sababu hiyo nililisimamia jambo hili, na likirudi mezani nitalisimamia tena.

Waliohudhuria watakumbuka tulivyojadiliana juu ya glukosi, yaani sukari ya damu. Kimelea kikiwa ndani ya damu hupata nguvu zake karibu zote kwa kuivunja, na seli nyekundu yenye kimelea inaweza kuitumia hadi mara 100 zaidi ya seli isiyo na kimelea, huku ikimwaga asidi ya laktiki. Hii ni sababu mojawapo ya mtoto mwenye malaria kali kushukiwa na sukari, na ya wauguzi kuja mbio dirishani kwetu kutaka kipimo.

Lakini somo lililokuwa bora kuliko yote ni la apikoplasti. Ndani ya kimelea mna kiungo kidogo kilichotokana na mwani mwekundu, kundi lilelile la mwani ambao mama zetu wanaufunga kwenye kamba katika pwani zetu. Kiungo hicho hutengeneza isoprenoidi, kemikali ambazo kimelea hakiishi bila yake, kwa njia ambayo mwili wa binadamu hauna, kwa hiyo dawa inayoipiga njia hiyo haikuti kitu cha kufanana nacho kwa mgonjwa. Fosmidomaisini ni dawa ya aina hiyo. Ilijaribiwa kwa wagonjwa Gabon na Thailand, vimelea vikapungua upesi, lakini kwa baadhi yao vikarudi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionesha kuwa vimelea vya hatua ya damu vikipewa zao moja tu la njia hiyo, IPP, huishi hata bila ya kiungo chenyewe. Wanaotafuta dawa wameoneshwa pa kulenga.

Siku ya somo hilo tulikuwa watu 9. Tisa, katika wanachama 64! Chai na sambusa za watu 40 ziligaiwa majirani. Iliniuma sana.

Ada ni hivyohivyo. Waliolipa ni 27. Waliobaki, 37, wanadaiwa 24,000 kila mmoja, jumla 888,000. Fedha hizo zingelipa mandari yote, darasa likaendelea, na chenji ikabaki. Wengi wanaolalamikia mandari wamo katika hao 37. Orodha ninayo, na leo sitaisoma.

Mwakani, Inshaallah, tunatarajia darasa liendelee, na uwezo ukipatikana tuwafikie wenzetu wa Micheweni na Mkoani. Tunatumaini pia kuomba ziara katika Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi. Mandari itategemea mfuko.

Wanaodaiwa wamwone mshika fedha kabla ya mkutano wa uchaguzi. Kwa katiba yetu, asiyelipa ada hapigi kura.