Kamba ya Bibi

Dayton, Ohio
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba yale mawingu mliyosema yanajikusanya upande wa Mpwapwa yameshaleta tone la kwanza. Huku majani yamekwisha kupukutika, na asubuhi ya leo ukungu ulikuwa mzito hata nisiweze kurusha ndege. Ndiyo maana nina nafasi ya kukaa nikuandikie.

Wiki iliyopita kwenye simu ulisema jambo likaniingia. Akina mama wenzako kanisani walikuuliza mwanao anafanya kazi gani Marekani, nawe ukakosa neno. Zamani uliwaambia nasomea macho, wakadhani ni daktari. Baadaye ukasema ni mwalimu. Kisha ukasema mambo ya kompyuta. Na sasa mdogo wangu amewaonyesha picha nikiwa ndani ya ndege. Ukaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hasa umeshika lipi?"

Mama, nimeshika moja tu, tangu kwa Bibi. Naomba mdogo wangu akusomee taratibu, na pale nitakaposema achore, achore.

Unaikumbuka ile kamba. Ilianzia kwenye mlango wa tembe ya Bibi kule Kongwa, ikazungushwa kwenye mkwaju, ikaishia chooni. Mjomba aliifunga mwaka ule jicho la pili lilipofifia. Bibi alizijua hatua zetu wote. Ungeingia uani kimyakimya naye angekutaja jina kabla hujamwamkia. Ndiyo maana siku moja aliiacha kamba, akasema miguu yake inaijua njia. Akaingia kwenye shimo tulilochimbia udongo wa matofali, akavunjika mkono. Tangu siku hiyo hakuiachia tena, hata pale ambapo mimi mtoto niliona wazi kwamba haihitaji. Nilimuuliza: Bibi, si unaijua njia? Akanijibu kwamba hata siku ya shimo alikuwa na hakika.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, lakini swali nililoanza nalo ni hilo: kwa nini mtu awe na hakika namna ile, na awe amekosea?

Kilichomla macho Bibi unakijua, vikope. Sisi watoto tuliambiwa ni vumbi na uzee. Ni kijidudu, Mama, kinachohama kwa mikono, kwa nguo za kufutia uso na kwa nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena, mara nyingi, na kila mara upande wa ndani wa kope unabaki na kovu. Miaka mingi baadaye makovu yanajikunja, yanazivuta nywele za kope ziingie ndani, zikwaruze kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio hukaa na watoto. Nilipofika chuo kikuu huku nikakuta Kongwa yetu imeandikwa kwenye majarida ya tiba. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wakiongozwa na Sheila West walifanya kazi huko kwa miaka mingi pamoja na Watanzania, na mwaka 1995 walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kunawisha watoto nyuso, pamoja na dawa, kunapunguza vikope vikali. Nilisoma makala ile nikiwa maktaba, nikalia. Akina mama wa kijijini waliamini kunawisha watoto kunamaliza ndoo, na walikuwa na haki ya kuhofia, maji wakiyafuata mbali. Walipopimiwa wakaona uso mmoja unahitaji maji kidogo sana.

Baba naye alinipa nusu ya kazi hii bila kujua, Mungu amrehemu. Alipokuwa reli alinipandisha treni nikiwa darasa la nne, nikakaa dirishani kutoka Dodoma mpaka Gulwe. Vichaka vya karibu na reli vilikimbia nyuma kwa kasi, mibuyu ya mbali ikajivuta polepole, na milima ikasimama kana kwamba inasafiri pamoja nasi. Nilimuuliza Baba ni nani anayeitembeza miti. Hakunicheka, alisema niendelee kutazama.

Sasa sikiliza hili. Alikuwepo mtu mmoja, James Gibson, aliyezaliwa Ohio hii hii mwaka 1904. Baba yake naye alikuwa mtu wa reli, na mtoto yule alikua akitazama nchi ikimiminika kutoka kwenye treni. Alikuja kuwa bingwa wa elimu ya namna tunavyoona. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifanyia utafiti marubani wa jeshi la Marekani, akaeleza kwamba rubani anayeshuka huona ardhi yote ikitawanyika kutoka kwenye nukta moja, na nukta ile isiyosogea ndiyo mahali anapoelekea. Kila ninapotua natazama kwenye kioo cha mbele kama mahali ninapotaka kugusa chini ndipo penye nukta hiyo. Pakipanda juu najua nitafika chini mapema, pakishuka najua nitapitiliza. Ndiyo miti ya Gulwe, Mama.

Basi miaka yangu ya kwanza huku nilikaa kwenye chumba cha giza, nikiwaonyesha watu vitone vya mwanga na kuwauliza wameona nini. Kazi ilikuwa ya kuchosha na niliipenda mno. Ilinifundisha kwamba jicho halileti picha kamili. Linaleta vipande, na akili inashona.

Hapa mdogo wangu achukue karatasi. Achore msalaba mdogo kushoto, na kulia kwake, umbali wa sentimita 8 hivi, aweke doa jeusi. Mama, fumba jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, usiangalie doa. Mdogo wangu aishike karatasi mbali, kisha aisogeze polepole kuelekea usoni mwako. Ikifika kama sentimita 30 doa litatoweka. Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, aliligundua jambo hili katika karne ya 17. Mahali mshipa wa jicho unapotokea kwenda kwenye ubongo hapaoni chochote, kwa kila mtu, tangu kuzaliwa. Lakini angalia vizuri pale doa lilipokuwa: huoni shimo, unaona karatasi nyeupe. Akili imeziba pengo na haikukuambia. Tafadhali likumbuke doa hilo, nitalirudia.

Kufundisha nilikufanya miaka sita. Nilikupenda, na nisingekuacha kama pasingekuwa na jambo jingine lililoniita. Siku niliyoipenda kuliko zote kila mwaka ni ile ya michoro ya Kolo. Niliwaonyesha wanafunzi picha za mapango ya Kondoa, wale watu warefu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, nikawauliza: hapa pana mstari tu juu ya jiwe, mbona ninyi mnaona mnyama? Kisha niliwasimulia habari za Hubel na Wiesel, wanasayansi wawili wa ubongo waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1981. Walikuwa wakichunguza chembe za ubongo wa paka kwa kumwonyesha vidoa, na chembe hazikujibu kitu, mpaka siku walipokuwa wakiingiza kipande cha kioo kwenye mashine, ukingo wa kioo ukapitisha kivuli cha mstari, na chembe moja ikalipuka kwa kelele. Ilikuwa inasubiri mstari. Wazee wa Kolo hawakuwa na mashine, lakini walijua mstari unatosha. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajawahi kusikia jina la Kondoa, na niliona fahari kubwa kulitamka mbele yao.

Baada ya hapo nikaingia kwenye kompyuta. Mwaka 1966 wasomi wa chuo cha MIT waliandika mpango wa kuifanya kompyuta itambue vitu kwenye picha, wakawapa vijana kazi hiyo kwa kiangazi kimoja. Kiangazi kikaisha, ikapita miaka na miaka. Kitu ambacho mtoto wa miaka miwili anakifanya bila kufundishwa, kumtambua shangazi yake akiwa amevaa kilemba kipya, mashine ilishindwa. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2012, programu kutoka chuo kikuu cha Toronto, Kanada, iliyojifunza kwa picha zaidi ya milioni moja ilipowaacha wenzake mbali kwenye mashindano ya kutambua vitu.

Kazi yangu ikawa kuifundisha kompyuta kutambua njia ya kurukia ndege kwa kamera. Tulijivunia sana, ilikuwa inapata karibu kila picha tuliyoipa. Jioni moja nikaipa picha ya kiwanja cha udongo mwekundu, cha aina ile ya kwetu, chenye vichaka pembeni. Ikajibu kwamba hapana njia yoyote, na ikajibu kwa hakika ya juu kabisa. Ilikuwa imefundishwa kwa lami na rangi nyeupe tu. Nikawaeleza wakubwa wangu wa kampuni ile, wakaona viwanja vya udongo ni vichache na si vya wateja wao. Niliumia. Niliondoka baadaye, na sasa niko mahali tunapokusanya picha za viwanja vya kila namna. Kilichonitesa zaidi ni ile hakika yake. Nilimkumbuka Bibi na shimo.

Nikaona siwezi kuendelea kuifundisha mashine kitu ambacho mwenyewe sijakifanya. Mji huu ndio wa akina Wright, ndugu wawili mafundi baiskeli waliounda ndege. Mwaka 1903 waliruka pwani mbali na hapa, mara ya kwanza sekunde 12 tu, lakini kupiga kona na kuzunguka vizuri walikuja kujifunzia kwenye malisho ya ng'ombe nje ya Dayton. Nikaenda kujiandikisha kujifunza urubani nikiwa na miaka 41.

Mwezi wa tatu mwaka huu niliingia wingu kwa mara ya kwanza, mwalimu wangu akiwa pembeni. Mama, ndani ya wingu hakuna juu wala chini. Ndani ya sikio kuna vijimfereji vyenye majimaji, ndivyo vinavyokuambia umegeuka. Ukigeuka polepole kwa muda, majimaji yanatulia, na mwili unasema uko sawa. Ukinyoosha ndege, mwili unapiga kelele kwamba sasa ndiyo unapinda. Mwili wangu wote uliniambia tunalalia kushoto. Chombo mbele yangu kilionyesha mabawa yako sawa. Jasho lilinitoka, mikono ikataka kurekebisha. Marubani wengi wamekufa kwa kuusikiliza mwili pale, wakazunguka wakishuka bila kujua. Mwaka 1929 rubani Mmarekani, Jimmy Doolittle, aliruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje kabisa, akiongozwa na vyombo peke yake, ndipo ikaaminika kwamba inawezekana.

Mwalimu hakusema neno. Nikaona kama nimeishika ile kamba mlangoni Kongwa. Nikakaza macho kwenye chombo, nikauacha mwili upige kelele zake, mpaka tukatoka juu kwenye jua.

Mdogo wangu aliniuliza kama naweza kuja kutua hapo Dodoma. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kwa joto hili la Novemba hewa inakuwa nyepesi, kandege kadogo kanahitaji mbio ndefu. Nikija Juni nitapanda treni mpya kutoka Dar. Nataka dirisha.

Sasa, Mama, lililonifanya nikae chini kuandika. Tulipoongea kwa video ulifuta jicho la kulia kwa ncha ya kitenge mara nyingi, nikahesabu, ukasema ni vumbi. Juzi mdogo wangu ameniambia uliomba kibano. Nami nakumbuka kibano cha Bibi, kilichokaa ndani ya kikombe cha bati karibu na kitanda, na jinsi nilivyomng'olea kope nikiwa na miaka sita, nikidhani namsaidia.

Ulisema, "Mbona naona vizuri tu." Najua unahisi hivyo. Rudi kwenye karatasi, lile doa. Jicho haliwezi kukuambia limepoteza nini, na akili itaendelea kukuzibia pengo kwa upendo wote mpaka siku itakaposhindwa. Sitaki upime macho yako kwa macho yako.

Hospitali ya Mvumi wana huduma ya macho tangu zamani. Kama ni nywele za kope zimeingia ndani, upasuaji wake ni mdogo: wanatia ganzi kwenye kope, wanaigeuza itazame nje, wanashona, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku ile ile. Enzi za Bibi hatukujua. Usizing'oe tena kabla ya kwenda, daktari azione zilivyo.

Mdogo wangu, nauli na ya hospitali nimeituma kwenye simu yako. Mpeleke Jumanne, mwondoke mapema kabla ya jua, na asibebe kibano. Wakikuambia lolote unipigie hapo hapo. Kwenu itakuwa saa tatu asubuhi, kwangu saa saba usiku. Nitakuwa macho.

Wasalimie wote, na Mjomba mwambie namkumbuka kwa ile kamba.

Mwanao akupendaye