Mgeni rasmi alichelewa, watoto wakakosa jukwaa lao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa moyoni tangu likizo ya Juni. Mimi ni fundi ngoma hapa Bagamoyo. Nachonga, nawamba, na kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikifundisha vijana kupiga. Mwaka huu niliitwa kusaidia katika kambi ya sanaa ya watoto iliyofanyika mjini kwetu kwa wiki 2. Kambi yenyewe sitaitaja. Walioiandaa ni watu waliojitolea na nia yao ilikuwa njema, na tena niliyoyaona pale nimeshayaona katika shughuli nyingi za watoto, za shule na za mitaani.

Watoto walikuwa 43, wa miaka 7 hadi 13. Asubuhi walichora, wakafinyanga udongo na kutia batiki vitambaa. Baada ya chakula ikawa zamu ya ngoma na maigizo.

Kwangu walianza na ngozi. Idd ya kuchinja ilikuwa imepita, kwa hiyo ngozi za mbuzi sikuzihangaikia. Nilizikusanya majumbani nikazikausha mapema. Tukaziloweka kwenye karai usiku kucha, asubuhi zikawa zimelainika. Wapo walioziba pua, na wapo waliozamisha mikono mpaka kwenye viwiko wakawa hawataki kuitoa. Kazi ya kunyoa manyoya niliifanya mimi na vijana wangu 2, maana wembe si kitu cha kumpa mtoto. Kuwamba waliwamba wenyewe, kwenye makopo ya rangi na vipande vya bomba la maji. Watoto 6 wanalizunguka kopo moja, kila mmoja kashika ukingo wa ngozi anavuta, mimi nakaza kamba. Mmoja akivuta kupita wenzake, ngozi yote inamfuata na upande wa pili unajikunja. Hapo ndipo nilipowafundisha ile methali ya mwamba ngoma, kwamba ngozi huivutia kwake. Nikawaambia, leo hatutaki hivyo, leo kila mtu avute sawa na mwenzake, la sivyo ngoma itatoa sauti ya ndoo. Walielewa upesi kuliko vijana wakubwa niliowahi kuwafundisha.

Kisha wakasubiri siku 2. Ngozi mbichi ukiianika juani inapasuka, lazima ikae kivulini ijikaushe yenyewe. Kila asubuhi walikuja mbio kuigusa kwa kidole. Siku ya tatu tulipozipasha moto kwa makuti na ngoma ya kwanza ikalia, kijana mmoja alikaa chini akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, lakini siku ile nilifurahi kama mimi ndiye niliyewamba kwa mara ya kwanza.

Sasa nije kwenye maigizo, maana ndiko kulikonifanya nishike kalamu. Mwalimu wao, binti aliyesomea kazi hiyo, aliwaambia watoto 11 wa kundi lake watunge mchezo wao wenyewe. Walibishana kutwa nzima. Mwishowe wakakubaliana kuigiza mnada wa samaki wa hapa ufukweni, kitu ambacho kila mtoto wa Bagamoyo amekiona. Mashua inarudi na samaki mmoja mkubwa kuliko wote. Wachuuzi wanagombea bei, na bei inapanda. Ghafla samaki naye ananyoosha pezi juu, anataja bei yake, anajinunua mwenyewe kwa shilingi 50,000 na kurudi majini. Niliuliza samaki hela kazitoa wapi. Wakanijibu wote kwa pamoja kwamba kuna siku alimeza pochi. Kabla ya kuondoka, samaki anawageukia wavuvi na kuwauliza watoto wake wako wapi, akawaambia kokoro, ule wavu wa kukokota unaozoa hata samaki wachanga, limewazoa wote wakiwa wadogo, na mwakani msije mkauliza mbona bahari haina kitu.

Neno hilo la kokoro hakuna mtu mzima aliyewapa. Wanalisikia nyumbani, baba zao wakigombana.

Dalali wa mnada alikuwa mtoto wa kike wa miaka 9. Siku 4 za mwanzo hatukumsikia sauti. Ukimsalimia anaitikia shikamoo kwa midomo tu, macho chini. Mwalimu alipouliza nani anajua mnada unavyopigwa, wengine wakawa wanachekana, yule mtoto akasimama, akapiga makofi mara mbili na kuanza: "Elfu nane, elfu nane, nane na mia tano, mama wa kanga nyekundu unaogopa nini, elfu tisa!" Sauti ilitoka ya kwake kabisa, nzito na ya haraka, na mkono unakata hewa kama wa dalali mwenyewe. Wote tulinyamaza. Mama yake anakaanga samaki na kuuza, na mtoto hushinda naye pwani kila alasiri akingoja mashua. Mnada aliujua wote kwa kichwa, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Zikabaki siku 3. Ndipo tukatangaziwa kwamba mgeni rasmi amepatikana, na kuanzia hapo kambi ikageuka kitu kingine. Mazoezi ya ngoma yakawa mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni, wenye jina lake na cheo chake, na watoto wakarudishwa mwanzo kila walipokosea cheo. Ikaandikwa risala ndefu ya kusomwa na mtoto, na ndani yake watoto wanaomba kompyuta na mashine ya kudurufu kwa ajili ya ofisi. Mchezo wa samaki, uliokuwa na dakika 20, ukaambiwa uwe dakika 10. Halafu ikaja amri kwamba samaki asitaje kokoro, mgeni asije akadhani anasemwa yeye. Yule binti mwalimu alijaribu kuwatetea watoto wake, hakusikilizwa. Mimi nami nilinyamaza, na hilo linaniuma hadi leo.

Siku yenyewe wazazi waliambiwa saa 8 mchana. Walifika. Mama wa yule dalali alifika kabla ya saa 8, amefunga meza yake ya samaki, kavaa vizuri, akakaa mstari wa pili. Watoto walishapakwa rangi usoni. Ngoma nilizipasha moto saa 8 kasoro robo, zikawa na sauti nzuri. Mgeni hakuwepo. Kwa anayejua pwani ya Juni, upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini una unyevu, na ngozi ikiunyonya inalegea. Saa 9 nikazipasha tena. Saa 10 nikazipasha mara ya tatu, na hapo ngoma moja ndogo, iliyowambwa na mtoto wa darasa la pili, ikapasuka katikati. Ngozi changa haivumilii moto wa mara kwa mara. Mtoto aliipokea mikononi mwangu, akaitazama, hakulia mbele yangu. Alikwenda kulia nyuma ya ukumbi.

Saa 10 ndiyo saa ambayo mama muuza samaki lazima awe pwani. Asiponunua saa hiyo hana cha kukaanga, na asipokaanga watoto wake wanalala na nini? Alinifuata nilipokuwa naokota makuti, akasema, "Baba, mwanangu mwambieni nilikuja." Akaondoka.

Mgeni aliingia saa 11 kasoro robo. Ukaimbwa wimbo wake. Ukafuata utambulisho: huyu ni fulani, aliyeambatana na fulani, mpungieni mkono. Ikasomwa risala. Mgeni akaijibu kwa hotuba. Vikatolewa vyeti na picha zikapigwa. Mchezo wa samaki ulianza saa 12 kasoro dakika 10, jua linazama. Dalali alikuwa amefika elfu 15 wakati mshereheshaji alipochukua kipaza sauti na kutangaza kwamba mheshimiwa ana safari, tuwapigie makofi watoto wetu, na wageni wote waelekee kwenye chakula. Samaki hakupata hata kunyoosha pezi. Yule mtoto alibaki mkono juu, akatutazama watu wazima mmoja mmoja, kisha akaushusha.

Ndugu Mhariri, sina ugomvi na wageni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kambi ya watoto inahitaji watu wa kuisaidia. Ninalosema ni kwamba siku ile tuliivutia ngozi kwetu. Tulitaka kuonekana, tukautumia uso wa watoto kuonekana. Jambo tulilokuwa tukiwafundisha siku 10 kwa mikono yetu wenyewe tukalivunja kwa alasiri moja.

Wala si kwamba nchi hii haijui namna ya kuifanya kazi hii. Mwaka 1996 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa, wakayajadili wenyewe yanayowasumbua shuleni, wakatunga maigizo yao na kuyacheza mbele ya walimu na jamii, na watu wazima wakakaa kusikiliza. Jina lenyewe linajieleza. Laiti wasichana wale wangeambiwa wasiseme hili wala lile mgeni asije akaudhika, Tuseme isingekuwa Tuseme.

Na hapa Bagamoyo tuna chuo cha sanaa tangu 1981, hiki ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Marehemu Mzee Hukwe Zawose aliishi mji huu akipiga ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze mpaka alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake bado unaupiga muziki ule. Nilipokuwa kijana nilichojifunza kwa wakubwa wa mji huu ni kwamba mtoto hujifunza kwa kukaa katikati ya watu wanaopiga, anakosea na kuendelea, hakuna anayemkatiza.

Tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo ipo kwa sababu mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Walikuwa na la kusema, kwa maneno yao. Na bado katika siku yao hiyo nimeona watoto wamepangwa juani saa nzima kungoja gari, kisha wanasoma risala ambayo maneno yake hata kuyatamka yanawashinda. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika sanaa. Sioni mahali panaposema ana wajibu wa kutupamba.

Likizo ya Desemba haiko mbali, na kambi zitakuwepo tena, hapa, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Kwa wanaoziandaa, ombi langu la kwanza ni muda. Ikitajwa saa 8, saa 8 watoto wapande jukwaani, awe amefika nani au hajafika. Mgeni akichelewa atakuta wanaendelea, naye atakaa kama mzazi mwingine yeyote aliyechelewa. Hotuba ziwe mwishoni, watoto wakiwa wameshacheza na wameshakunywa maji. Anayetaka kweli kuwasaidia watoto aje katikati ya wiki, kusiwe na kamera, akae mkekani awaone wakibishana kuhusu pochi ya samaki. Hapo atajua kambi inahitaji rangi, udongo, ngozi na mlo wa mchana, na haitakuwa lazima mtoto amsomee risala. Mchezo uliotungwa na watoto usikatwe mkia kwa kuogopa mtu. Likiwepo neno zito ndani yake, sisi wakubwa ndio wa kulitafakari.

Nanyi wazazi wenzangu, msiondoke kimya kimya. Siku ile tulikuwa wengi ukumbini, na hakuna hata mmoja aliyesimama kusema, "Tunaomba watoto wamalizie." Nadhani wangeachwa wamalize. Safari ya mheshimiwa isingeharibika kwa dakika 10.

Jumapili iliyofuata niliwaita wale 11 kwenye karakana yangu, chini ya mkungu, asubuhi, kabla mashua hazijarudi. Walikuja 8. Samaki alikuwepo. Mama wa dalali alikuja na jirani zake, wakakaa kwenye magogo yangu ya kuchonga. Walicheza mchezo wote, na kokoro likatajwa. Yule mtoto wa ngoma iliyopasuka alipiga kwenye ngoma yangu mimi, ngoma kubwa, akisimama juu ya ndoo ili aifikie.

Walipomaliza, mama aliniuliza Desemba itaanza saa ngapi, ajipange na biashara yake. Nimemwambia saa 8. Nawaomba waandaaji wanisaidie nisionekane mwongo.

Fundi ngoma,
Bagamoyo