Vihariri vya tovuti vionyeshe kosa lilipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero inayowapata waandishi, walimu na maofisa habari wengi wanaopandisha habari kwenye tovuti. Mtu akibofya kitufe cha kuchapisha, kihariri, yaani programu anayoandikia habari hiyo, humjibu, mara nyingi kwa Kiingereza, kwamba HTML yake (alama zinazokieleza kivinjari ukurasa upangweje) si sahihi, na jibu huishia hapo bila kutaja mstari wala neno lenye kosa.

Kosa lenyewe kwa kawaida ni dogo: tagi (alama moja ya HTML) ya herufi nzito haikufungwa, au aya imefungwa kabla ya tagi iliyomo ndani yake. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Maelezo ya picha yakizungushiwa alama moja moja za mtajo, mathalani alt='Mnada wa ng'ombe Pugu', kivinjari huichukulia ritifaa ya ng'ombe kuwa ndiyo mwisho wa maelezo, na msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma skrini, husomewa "Mnada wa ng" basi. Alama mbili mbili zingemaliza tatizo, lakini nani atajua aziweke wapi ikiwa hajaonyeshwa?

Wapo wanaosema kosa la HTML lisimshughulishe mwandishi kwa kuwa vivinjari hujirekebishia. Ni kweli kwamba HTML5, toleo la HTML lililopitishwa mwaka 2014 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inakieleza kivinjari hatua kwa hatua namna ya kuendelea kila kinapokutana na tagi zilizovurugika, tofauti na kanuni za XML, lugha nyingine ya alama, ambazo kosa moja tu hutosha kuuzuia ukurasa mzima usifunguke. Hata hivyo, kivinjari hukisia muundo tu. Hakijui mwandishi alikusudia nini.

Mfano wa kuridhisha kiasi ni WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ambayo tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 hulinganisha HTML iliyohifadhiwa na ile ambayo kipande husika cha ukurasa kingepaswa kuizalisha, na zikitofautiana humwonya mwandishi na kumpa njia ya kutazama matoleo yote mawili kabla ya kuamua. Kasoro yake ni kitufe cha kurekebisha papo hapo, ambacho huweza kuondoa kitu bila mtu kutambua, na watu wenye haraka, yaani karibu wote katika vyumba vya habari, hukibofya hicho hicho.

Kwa hiyo nashauri taasisi zinazoagiza tovuti ziandike ndani ya mkataba kwamba kihariri kitaje mstari wenye kosa kwa Kiswahili, kihifadhi maandishi ya awali, na kisifute chochote kabla ya kuuliza. Wakati hayo yakisubiriwa, anayenakili habari kutoka Microsoft Word aibandike kama maandishi matupu, ili alama za Word zisiingie pamoja nayo. Katika vivinjari vingi ni Ctrl, Shift na V kwa pamoja, kisha herufi nzito na vichwa vidogo aviweke ndani ya kihariri chenyewe.

Mhariri wa tovuti,
Morogoro