Kaka, kabla hatujachimba hicho kisima

Shikamoo kaka. Naandika huku kwa sababu kwenye grupu la familia ulijitoa tangu khitma ya mwaka jana na simu zangu hupokei, ila najua itakufikia maana shemeji anasoma kila ninachoweka alafu anakusimulia. Shemeji asininunie, sina ugomvi na yeye.

Habari ya kisima cha mama nimeipata. Sadaka ya maji nani ataipinga. Ila Jumatatu kilikuwa kisima cha pampu ya mkono, Jumatano kikawa cha sola na simtanki la lita 5,000, Ijumaa binamu ananiambia kuna na madrasa ya vyumba viwili na ukuta wa kuzunguka, na hapo hatujaleta hata mtu wa kupima kama chini kuna maji, kibali cha bodi ya bonde hatujaomba, na kwetu huku unaweza ukachimba ukatoa maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu. Nilicheka peke yangu kwenye daladala alafu kicheko kikaniishia, kwa sababu na nyumba ya mama ilianza hivi hivi.

Daftari unalikumbuka, ile kauntabuku nyekundu, Novemba 2018, mama anasema mi naandika. Vyumba viwili. Choo cha ndani cha kukaa, sababu ya goti. Baraza iangalie mwembe. Alafu akasema andika na jiko sitaki, moshi ubaki huko huko nje. Yaani mpaka asichokitaka alikiandikisha, na hajasoma zaidi ya la nne. Fundi akapiga hesabu, milioni 14 mpaka bati na plasta. We mwenyewe ulisema sawa.

Sasa ile Alhamisi. Mi nimeisimulia kichwani mara nyingi kuliko unavyodhani. Tuko kozi ya tano ya tofali, mama kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na ungo wake anachambua mchele, ukapiga video kutoka Muscat, ukaniambia mpe fundi simu. Nikampa. Ukamwambia fundi weka nguzo, tunapandisha ghorofa. Fundi anatabasamu, atakataaje kazi? Mama akauliza, na choo kitakuwa wapi. Ukacheka, ukasema mama vyoo vitakuwa vinne. Akasema tena, taratibu, "Mi nauliza changu." Hukumsikia au ulimsikia, sijui, mtandao ulikuwa unakatakata. Mimi nilimsikia vizuri sana na nilinyamaza.

Msingi ule ulikuwa wa mawe, wa nyumba ya chini, haubebi ghorofa. Tukabomoa kozi zote tano, tukachimba mashimo ya nguzo 12, nondo zikatoka milimita 12 zikawa 16. Slabu yenyewe, inchi 6 kwa mita za mraba 80, hiyo ni mita 12 za ujazo za zege, kwa moja mbili nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, inakula mifuko kama 80 ya simenti, na hapo hujahesabu nondo wala mirunda ya kukodi iliyosimama kwenye chumba cha mama kama msitu. Simenti ya kumalizia nyumba yake iko juu hewani pale, kaka, inanyeshewa. Ikaja 2020, corona, kazi huko ikasimama, hela ikakatika, sikulaumu kwa hilo. Nakulaumu kwa hili: nilikuomba tuzibe chumba kimoja cha chini na choo chake tu mama aingie, ukasema nisiharibu muonekano, subiri utatuma zote kwa mkupuo.

Sijasema ghorofa ndiyo imemuua. Nimesema usiku alikuwa anatoka nje tochi kaing'ata mdomoni kwa sababu mkono mmoja una fimbo na mwingine una kopo la maji. Aliteleza Juni 2021, mengine unayajua.

Unajua nimeendesha gari la mradi wa maji miaka mitatu. Pale kila siku nasikia skopu, skopu, kwenye makaratasi ya Kiswahili wanaandika mawanda ya mradi, yaani kazi ina nini na haina nini, mi nikaona ubishoo wa maofisini. Mtu akitaka kuongeza kitu anajaza fomu, anaongeza nini, kwa hela ya nani, siku ngapi zitaongezeka, na kuna mtu mmoja tu wa kusaini. Kijiji kimoja mwenyekiti alitaka bomba lifike mpaka ofisini kwake, wakamjibu wazo zuri ila halimo humu, tutaliandika pembeni kwa awamu nyingine. Alinuna yule mzee! Lakini watu wake walichota maji.

Najua utasema nini. Utasema fremu. Haya, fremu ya duka pale mbele haikuwa yako wala ya mama, niliingiza mimi, mifuko 11. Nilijua we umeshaongeza ghorofa zima, nikajiambia na mimi kajichumba ka biashara nani atakaona, na kodi yake ingemnunulia mama dawa, ndivyo nilivyowaza na mpaka leo naona sikuwaza vibaya. Ila na mimi sikuandika popote. Kwa hiyo uliponiita mwizi kwenye arobaini, mbele ya wajomba, chini ya slabu ile ile, nilishindwa kujibu. Risiti nilikuwa nazo mfukoni, zote, hata za misumari.

Mpimaji anakuja Jumamosi. Kauntabuku ninayo bado, ukurasa wa mama sijauchana, nimefungua unaofuata nikaandika kisima, pampu ya mkono, zege la kuzunguka mdomo na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika. Chini yake nimeandika na visivyokuwemo, sola, tanki, madrasa, ukuta. Madrasa ukiitaka tuifungulie ukurasa wake maji yakishatoka, hata mimi nitachanga. Ila kaka usimpigie fundi. Nipigie mimi, na safari hii simu simpi mtu.